Zebaki, Kibiriti na Riwaya Tunayoiogopa

Ipo hukumu ambayo mwandishi kijana wa Kanda ya Ziwa huipata kabla mswada wake haujasomwa. Akisema anaandika riwaya ya historia iliyogeuzwa njia, ambamo alkemia haikuachwa bali ilikua ikawa sayansi kamili yenye kanuni, karakana na wahitimu wake, huambiwa kwamba hayo ni mambo ya Wazungu na makasri yao. Akiongeza kwamba kisa chake kinatokea Sengerema, Geita na Mwanza mjini, dharau hugeuka hofu: huko watu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa tamaa ya dhahabu, nawe unataka kuwapa wasomaji kitabu ambamo dawa ya utajiri inafanya kazi? Basi arudi kwenye uhalisia, aandike juu ya rushwa, mimba za shuleni na uvuvi haramu. Hukumu hiyo ina pande mbili, ugeni na hatari, na wanaoitoa si wajinga. Wengi wao ni walimu na wahariri waliosoma sana. Hata hivyo wamekosea, na pande zote mbili wamekosea mahali pamoja. Wanadhani alkemia ni jina la kisomi la uchawi. Ukweli ni kwamba alkemia ilikuwa kazi ya mikono iliyofungiwa ndani ya siri, na riwaya inayouliza ingekuwaje kama siri hiyo ingefunguliwa ina mengi ya kusema katika ufukwe wa Ziwa Victoria kuliko pengine popote Afrika Mashariki.

Tuanze na ugeni, maana huo ni rahisi kuuondoa. Mama anayewasha jiko kwa kibiriti na mchimbaji wa Nyarugusu anayekamatisha dhahabu kwa zebaki wanayatamka, pasipo kujua, maneno mawili makuu ya alkemia. Katika maandishi yanayohusishwa na Jabir bin Hayyan wa karne ya 8, metali zote zilidhaniwa kuzaliwa ardhini kutokana na vitu viwili, kibiriti na zebaki. Tofauti ya risasi na dhahabu ilikuwa ni kipimo cha mchanganyiko huo na usafi wake. Maneno haya hatukuyapata kwa Newton. Yalitua pwani pamoja na majahazi na masonara, kisha yakapanda bara na misafara ya pembe na nguo hadi yakalifikia Ziwa. Risasi nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo, na iksiri, ile dawa ya kugeuza metali, imo katika kamusi za zamani za Kiswahili. Hata kemia anayofundishwa mtoto wa sekondari ya Nyamagana ni neno lile lile la Kiarabu lililokwenda Ulaya, likavuliwa kiambishi chake cha mbele, likarudi kwetu limevaa koti la Kiingereza. Kwamba kibiriti leo ni njiti ya moto na unga wa kutibu upele hakupunguzi kitu. Mwandishi wa Kiswahili anayetaka kuandika juu ya alkemia ana msamiati ulio tayari mdomoni mwa wasomaji wake, jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza hana. Yeye hulazimika kufufua maneno yaliyokufa.

Lakini neno linaweza kusafiri bila kazi yake, kwa hiyo nisiishie hapo. Ushahidi mzito zaidi ni tanuri. Upande wa magharibi wa Ziwa, katika nchi ya Wahaya, mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimbua Katuruka mabaki ya uyeyushaji wa chuma yenye umri wa karibu miaka 2,000. Upande wa kusini-magharibi, Buzinza, katika eneo ambalo leo tunaliita Geita na jirani zake, walikuwapo Warongo, chama cha wayeyushaji kilichopokea watu wa koo na makabila mbalimbali. Majembe yao yaliuzwa Usukuma na Unyamwezi, yakalima mtama, yakatolewa mahari. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: shimo linachimbwa, dawa zinawekwa chini yake, tanuri la udongo linajengwa juu, mabomba ya udongo yanaingizwa, mivukuto inapulizwa kwa saa nyingi, na wakati wote huo wanaume wa kazi wanajitenga na wake zao. Tanuri lilitazamwa kama mwanamke mwenye mimba, na chuma kama mtoto anayezaliwa. Msomaji wa leo akisikia habari za dawa na miko hiyo hukimbilia neno moja: uchawi. Sasa aufungue utafiti wa Mircea Eliade uliotoka mwaka 1956, uliolinganisha wahunzi na wanaalkemia wa sehemu nyingi za dunia. Atakuta wanaalkemia wa Ulaya nao wakiamini kwamba metali hukua tumboni mwa ardhi, kwamba risasi ikiachwa miaka mingi huko chini itapevuka iwe dhahabu, na kwamba kazi ya binadamu ni kuiharakisha mimba hiyo kwa moto. Walikuwa na sala zao, mifungo yao na nyota zao. Tofauti iliyo wazi kati ya mwanaalkemia wa Prague na mzee wa Buzinza ni kwamba wa Prague hakuipata dhahabu, na wa Buzinza alikipata chuma.

Hapa ninajizuia kidogo, kwa sababu upande wa pili wa barabara wamesimama wenye kujigamba. Mwaka 1978 Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba mabomba ya udongo ya Wahaya yaliingizwa ndani kabisa ya tanuri, hewa ikapashwa moto kabla ya kufikia makaa, na kwa njia hiyo joto likapanda sana na chuma chenye kaboni, yaani aina ya chuma cha pua, kikatoka. Habari hiyo ilizunguka dunia, na mpaka leo husomwa kana kwamba Bukoba iliitangulia Ulaya kwa karne nyingi katika kila kitu. Baadaye wataalamu wengine, akiwamo David Killick, walipinga; walisema ushahidi wa hewa iliyopashwa moto ni mwembamba. Ugomvi huo wa wasomi hauidhuru hoja yangu. Ondoa hewa iliyopashwa, chuma kinabaki, na chuma kinatosha. Riwaya nzuri ya historia iliyogeuzwa haihitaji babu zetu wawe wa kwanza duniani. Inahitaji wawe watu waliojaribu, wakakosea, wakarekebisha, na hilo lina ushahidi. Wazee wa Kihaya walipojenga upya tanuri mwaka 1976, na Warongo walipofanya hivyo miaka michache baadaye, mambo hayakwenda sawa mara ya kwanza. Moto ulipogoma, wazee walitafuta kasoro pande zote: kwenye makaa na mivukuto, na pia kwenye miko na dawa. Hawakuwa na ukuta kati ya fundi na mganga. Ukuta huo tumeujenga sisi, kisha tukawalaumu wao kwa kutouona.

Nini basi kiliua elimu hiyo? Sehemu kubwa ya jibu ni bei. Jembe la kiwandani kutoka Ulaya lilipofika kwa wingi wakati wa Wajerumani na Waingereza, mkulima wa Magu hakufanya kosa kununua lililo rahisi, na kufikia miongo ya mwanzo ya karne ya 20 matanuri yalikuwa yakizimika moja baada ya jingine. Ila bei haielezi kwa nini, nusu karne tu baadaye, mbinu hizo zilikuwa zimebaki vichwani mwa wazee wachache waliolazimika kukumbuka kwa kubahatisha. Hilo linaelezwa na siri. Aliyejua alimfundisha aliyekula kiapo, na kiapo kilipokosa warithi, elimu ilizikwa pamoja na mwenyewe. Hapo ndipo njia ya historia ingeweza kupinda, na mtunzi hahitaji kubuni mengi. Stanley alipofika Kageyi, ufukweni mwa Usukuma, Februari 1875, wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwishafika. Walikuwa na karatasi, wino na Kiswahili kinachoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ng'ambo ya ghuba matanuri ya Buzinza yalikuwa bado yanawaka. Kalamu na tanuri vilikaribiana kwa umbali wa safari ya mtumbwi, ila hakuna habari kwamba vilikutana. Mfanye Mrongo mmoja tu avunje kiapo, akae na karani wa msafara, aandike ni mawe gani, makaa ya mti gani, mipulizo mingapi, na ni dawa ipi ikiachwa haibadilishi kitu. Kutoka hapo riwaya inajiandika. Nani anamwinda? Mtemi anataka daftari hilo kwa ajili ya mikuki au kwa ajili ya majembe? Mjerumani anapopandisha bendera, anakuta nini Mwanza?

Wapo watakaosema kwamba hata Ulaya alkemia haikugeuka kemia kwa sababu ya kuandika tu, na wana haki kiasi. Lakini tazama jinsi mambo yalivyokwenda. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1404 iliyokataza kuzidisha dhahabu na fedha, kwa kuwa mfalme alihofia sarafu yake. Robert Boyle, ambaye vitabu vya shule humwita baba wa kemia, alishinikiza sheria hiyo ifutwe, ikafutwa mwaka 1689. Aliishinikiza kwa sababu yeye mwenyewe aliamini dhahabu inaweza kutengenezwa. Mwaka 1676 Boyle alichapisha habari za zebaki ya namna ya pekee iliyopata joto ikichanganywa na dhahabu. Newton, ambaye katika maisha yake aliandika juu ya alkemia maneno yanayokadiriwa kufikia milioni moja na karibu yote akayaficha, alituma barua akishauri Boyle anyamaze. Hapo unaziona njia mbili zikiachana kati ya watu wawili wenye imani moja. Wote wawili waliamini jiwe la wanafalsafa, lile la kugeuza metali kuwa dhahabu. Mmoja alikuwa amechapisha, mwenzake alitaka ukimya. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1669, Hennig Brand wa Hamburg alichemsha mkojo kwa wingi akitafuta dhahabu, akapata fosforasi, kitu kipya kabisa kinachong'aa gizani, na hatua yake ya kwanza ilikuwa kuifanya siri ya kuuza. Kemia ilizaliwa kidogo kidogo pale mapishi kama hayo yalipowekwa mezani ili mgeni ayarudie na kusema: kwangu yamekubali, au kwangu yamekataa. Imani ilibadilika baadaye sana. Kilichobadilika kwanza ni adabu ya kuonyesha.

Watunzi wa kwingineko wameliona hili siku nyingi. J. Gregory Keyes, katika riwaya yake ya mwaka 1998, Newton's Cannon, alimfanya Newton agundue zebaki ya wanafalsafa mwaka 1681, na alkemia ikawa sayansi ya serikali. Matokeo si paradiso, bali wafalme wanapata silaha inayoweza kuangamiza mji mzima. Hiromu Arakawa wa Japani alichora kuanzia mwaka 2001 hadithi ya Fullmetal Alchemist, ambayo vijana wengi wa Mwanza wameiona kwenye simu zao bila kuambiwa na mwalimu yeyote. Katika dunia yake alkemia ina mitihani na vyeo vya jeshi, na kanuni yake kuu ni kwamba hakuna kinachopatikana bila kutoa kilicho sawa nacho. Kisha linafichuliwa jambo linalokata pumzi: jiwe linaloonekana kuivunja kanuni hiyo, linalompa mtu utajiri na nguvu bila malipo, limetengenezwa kwa uhai wa binadamu. Nasema hivi makusudi, kwa kuwa hukumu ya hatari inadai kwamba hadithi za namna hii zitamfundisha kijana wa Geita kwamba viungo vya mtu huleta dhahabu. Hadithi maarufu kuliko zote za aina hii inafundisha kinyume: kwamba anayekuahidi dhahabu bila gharama amekuficha maiti.

Hata hivyo hatari isipuuzwe, na ingekuwa aibu kuipita haraka haraka. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa nchi kuanzia mwaka 2007 yalikuwa na kitovu chake Mwanza, Shinyanga na maeneo jirani. Watafiti Deborah Bryceson, Jesper Bosse Jønsson na Richard Sherrington walionyesha mwaka 2010 jinsi yalivyofungamana na uchimbaji mdogo wa dhahabu na uvuvi: kazi ambazo bahati ni kubwa, mtaji ni mdogo, na mtu haelewi kwa nini duara, yaani shimo, la jirani limetoa mawe yenye dhahabu na lake limetoa vumbi. Kabla ya hapo walikuwapo vikongwe waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa jiko. Mwaka 2009 serikali ilifuta leseni za waganga wa jadi, na mwaka 2015 ikawapiga marufuku wapiga ramli. Hatua hizo zilikuwa na sababu. Zina upungufu mmoja: mtu anaweza kuacha kwenda kwa mganga mchana na akaendelea kumwamini usiku. Marufuku hugusa mlango wa mganga tu. Haigusi swali lililo kichwani mwa mteja, ambalo ni hili: je, ingefanya kazi?

Swali hilo uhalisia hauwezi kulijibu, na nawaomba wapenzi wa uhalisia wasikasirike. Riwaya ya kihalisia inamwonyesha muuaji, mganga, polisi na mama anayelia. Inamlaani mganga kwa sauti. Lakini msomaji aliyekwishaamini huisoma kama habari ya mganga mbaya, akabaki na tumaini la mganga mzuri. Riwaya ambamo alkemia ni sayansi inaingia ndani ya imani yenyewe na kuipa masharti ambayo imani huyakimbia. Unasema dawa hii huleta dhahabu? Vizuri; tuandike mapishi ukutani, tuyajaribu katika maduara 20 yenye dawa na 20 yasiyo nayo, tupime kwa mizani mbele ya wachimbaji wote. Katika dunia ya riwaya hiyo baadhi ya dawa zinakubali, na ndipo inapokuwa fantasia. Zilizobaki zinaanguka hadharani, na ya viungo vya binadamu inaanguka kwanza, kwa kuwa biashara yake yote ilisimama juu ya kutopimwa. Biashara ya mauaji haiwezi kuishi siku moja katika mji wa namna hiyo. Msomaji akishaishi humo kwa kurasa 300, akirudi Geita ya kweli ataanza kuuliza mizani iko wapi. Je, kila msomaji? Hapana. Lakini wanaodai kwamba kitabu kina nguvu ya kuharibu hawawezi pia kudai kwamba hakina nguvu ya kujenga.

Atakayesema kwamba desturi ya kupima hadharani haimo katika utamaduni wa Ziwa, atembelee makumbusho ya Bujora, Kisesa. Historia ya ngoma za Wasukuma imejengwa juu ya ushindani wa vyama viwili, Bagika na Bagalu, vinavyohesabu mwanzo wao kwa Ngika na Gumha, mabingwa wa dawa waliogombana nani ni mkali zaidi. Ugomvi uliamuliwa uwanjani: kila upande unacheza, na unaovuta watu wengi ndio ulioshinda. Yaani dawa ilipelekwa mbele ya umma ihukumiwe na umati, tena upande ulioshindwa ulirudi nyumbani kutafuta mbinu mpya, nyimbo mpya, nyoka na fisi wa maonyesho. Kwa mtunzi hii ni zawadi. Inamwachia pia pengo la kulijaza, maana shindano humtoa mshindi, halitoi sababu. Aliyeshinda alishinda kwa dawa, kwa sauti nzuri au kwa mchezaji aliyebuni mtindo mpya? Shabiki hakuhitaji kujua. Mbunie uwanja huo mwamuzi anayebadilisha kitu kimoja kimoja, leo dawa ile ile na mwimbaji mwingine, kesho mwimbaji yule yule bila dawa, na tayari unayo sayansi iliyotoka ndani ya mavumbi ya Kisesa.

Kuna pingamizi jingine, la walimu wa sayansi, ambalo nalipenda zaidi kwa kuwa lina uchungu wa kweli: nchi inahangaika kupata walimu wa kemia, nanyi mnamwambia mtoto risasi inageuka dhahabu? Jibu la kwanza ni kwamba inageuka. Risasi ina protoni 82, dhahabu ina 79, ziondoe tatu. Mwezi Mei 2025 wanasayansi wa jaribio la ALICE huko CERN walitangaza kwamba migongano ya viini vya risasi kati ya mwaka 2015 na 2018 ilizalisha viini vya dhahabu bilioni 86 hivi. Uzito wake wote ni pikogramu 29, yaani sehemu 29 za trilioni ya gramu, na hata hivyo viini hivyo vilivunjika mara moja. Mtoto anayeelewa kwa nini kiasi hicho ni kidogo vile, na kwa nini hakuna karasha ya kusaga mawe wala dawa ya kukiongeza, amejifunza fizikia nyingi kuliko aliyekariri jedwali la elementi. Jibu la pili ni kwamba alkemia mbaya zaidi ya Kanda ya Ziwa haipo vitabuni. Ipo mialoni, mahali pa kuchenjulia dhahabu, mchimbaji anapochanganya unga wa mawe na zebaki kwa mikono mitupu, kisha akachoma donge lake kwenye moto wa wazi, mara nyingine karibu na jiko la chakula. Mvuke wa zebaki hushambulia neva na figo. Yule mtu anajua kanuni ya kale kabisa ya alkemia, kwamba zebaki huishika dhahabu na moto huziachanisha. Asichoambiwa kwa lugha inayomvuta ni mvuke unakwenda wapi. Na dhahabu hiyo hiyo huishia pengine katika kiwanda cha Mwanza Precious Metals Refinery, kilichozinduliwa Juni 2021 na Rais Samia Suluhu Hassan, ambako husafishwa hadi usafi wa 999.9. Kati ya donge la mwaloni na mche wa kiwandani pana ngazi zote za historia ya kemia, zikiwa hai kwa wakati mmoja, katika mwendo wa saa chache kwa basi. Nionyesheni mji wa Ulaya unaompa mtunzi mandhari kama hayo.

Kuhusu madai kwamba fantasia si mila ya riwaya ya Kiswahili, sitapoteza wino mwingi. Shaaban Robert alibuni nchi nzima ya Kusadikika mwaka 1951. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo kisiwani Ukerewe, aliuacha uhalisia kabisa katika Nagona na Mzingile mwanzoni mwa miaka ya 1990. Yeye ndiye pia aliyeandika Rosa Mistika mwaka 1971, riwaya ya kihalisia ya kisiwa hicho hicho, ambayo ilipigwa marufuku shuleni kwa kuwa ni hatari, kisha ikaja kusomeshwa shuleni. Hukumu ya hatari ina historia yake katika Ziwa hili, na haina rekodi nzuri.

Nikubali jambo moja kwa wapinzani. Fantasia mbovu ya aina hii inawezekana, tena ni rahisi kuiandika. Kila Mtanzania amewahi kujiuliza ingekuwaje kama maji ya Kinjikitile, yale ya vita vya Maji Maji, yangezuia risasi za bunduki kweli mwaka 1905. Riwaya inayojibu swali hilo kwa kuyafanya maji yazuie risasi, wakoloni wakakimbia, kitabu kikaisha, ni pole ya msiba. Inampa msomaji ushindi usio na gharama, na ushindi usio na gharama ndio bidhaa ya mpiga ramli. Swali lenye mbegu ni jingine: ingekuwaje kama wapiganaji wangeweza kuyajaribu maji kabla ya kwenda vitani, nani angeruhusu jaribio hilo, na nani angelikataza? Mtunzi wa Kanda ya Ziwa ajiulize vivyo hivyo. Kama katika kitabu chake dawa hufanya kazi kwa sababu shujaa ni mteule, au kwa sababu mababu wamependa, basi wanaomwonya wana haki, na mimi nitasimama upande wao. Kama hufanya kazi kwa sababu mtu yeyote, hata adui, akifuata mapishi atapata matokeo yale yale na kulipa gharama ile ile, basi ameandika riwaya inayohitajika kati ya Bukoba na Musoma.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wahariri, na kwa majaji wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambao kila mwaka hupokea miswada ya riwaya. Ukija mswada wenye tanuri, zebaki na Mwanza ambayo haikuwahi kuwapo, usiwekwe kando kwa jina lake. Usomwe hadi mwisho, upimwe kwa kanuni ulizojiwekea wenyewe, na ukianguka uanguke kwa sababu zilizoandikwa. Kisiwa cha Ukerewe kinajua kuchelewa kunagharimu nini. Aniceti Kitereza alimaliza Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, kitabu ambacho ndani yake dawa za miti za Wakerewe zimeelezwa moja moja kwa uangalifu wa mtu asiyetaka zipotee. Hakupata wa kukichapa, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja. Alifariki mwaka 1981, kabla hajakishika mkononi.